Rosa, Maimuna au Yasmin: uanze na riwaya ipi?

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alilala kwangu siku mbili kabla ya kupanda basi la Mwanza. Ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na Kiswahili cha darasani alikiacha kidato cha nne. Likizo hii ni ya kwanza maishani mwake ambayo hakuna mtu anayempangia la kusoma. Alisimama mbele ya rafu yangu muda mrefu, akachomoa vitabu vitatu, akanigeukia.

"Shangazi, begi limejaa. Nichukue kipi?"

Alikuwa ameshika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, Utengano ya Said Ahmed Mohamed, na Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Nilimwambia aweke maji ya chai jikoni kwanza. Vitabu hivyo vitatu ndivyo vilivyotugombanisha barazani kwetu karibu mwaka mzima, na sikutaka kumjibu nikiwa nimesimama.

Sisi ni watu saba, hapa Tanga. Tunakutana Jumapili baada ya alasiri kwenye baraza ya rafiki yangu. Kuna birika la chai ya tangawizi, mkate wa kumimina, na kitabu kimoja ambacho wote tumekisoma au tumejitahidi kukisoma. Yumo mwalimu mstaafu, yumo mama mmoja aliyekuwa mkunga zaidi ya miaka thelathini ambaye sote tunamwita Bibi, yumo mwenzetu mzaliwa wa Bukoba aliyeolewa huku, yumo kijana fundi simu anayesoma kuliko sisi wote. Riwaya hizi tatu tulizisoma mfululizo kwa sababu ukizikongoa nyama zake zote zina mifupa ya aina moja. Kuna msichana. Kuna mwanamume mwenye amri juu yake. Kuna mlango uliofungwa. Msichana anatoka, na kinachomkuta huko nje ndicho kitabu.

Nitataja yanayotokea, hata miisho, kwa hiyo anayetaka kushtukizwa asome vitabu kwanza.

Mlango wa nani umefungwa

Rosa ni mtoto wa Zakaria na Regina, kisiwani Ukerewe. Zakaria ni mlevi na mkali, na ukali wake wote ameuelekeza kwenye jambo moja, binti yake asionekane na mvulana. Barua tu ya mvulana, Charles, inamletea Rosa kipigo. Anapokwenda shule ya bweni ya wasichana anakuwa hajui hata kuzungumza na mwanamume, wenzake wanamcheka, na siku anapoamua kuacha woga anauacha wote kwa mara moja. Anatoka mikono ya mwanamume mmoja anaingia ya mwingine, akiwemo Deogratias, bwana maendeleo, mtu mwenye gari na cheo. Anatoa mimba. Anafika chuo cha ualimu Morogoro, anajaribu kujirudi, na Charles yuleyule wa barua anapojitokeza tena kumchumbia, yaliyopita yanawafikia. Rosa anajiua.

Maimuna wa Utengano ni mtoto wa tajiri. Baba yake, Maksuudi, ana nyumba, ana mali, anataka uongozi, na mkewe Tamima na bintiye Maimuna hawatoi mguu nje. Yeye mwenyewe huko nje anafanya anayoyataka. Siku Tamima anapojifungua mumewe hayupo, mkunga Bi Farashuu anaitwa bila ruhusa ya mwenye nyumba, na Maksuudi anaporudi hasira yake inaivunja familia: Tamima anapewa talaka. Maimuna anatoroka, anaangukia kwa Madam Jeni, anafanya kazi ya kuuza mwili, anaimba katika baa ya Rumbalola. Tofauti na Rosa, yeye anarudi kutoka huko akiwa hai, na anaolewa na Kabi.

Yasmin wa Vuta n'kuvute hakufungiwa na baba. Amefungiwa na mume. Ni msichana wa Kihindi, mdogo mno, ameozwa kwa Raza, mfanyabiashara aliyepita miaka hamsini. Tuko Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza yupo, Sultani yupo. Yasmin anamwacha Raza, mama yake mwenyewe anamkana, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa Ng'ambo mwenye chumba kidogo na roho kubwa. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayepigania uhuru na kusakwa na askari usiku na mchana.

Barazani watu wakipewa habari hizi tatu kwa ufupi namna hii huanza mara moja kupima makosa: nani kafanya nini, nani alistahili nini. Sisi pia tulianza hivyo, na tulipoteza Jumapili mbili nzima. Baadaye ndipo nilipoona kwamba mtu akisema "simpendi Rosa" au "Maimuna kanichosha", mara nyingi halalamikii alichofanya msichana. Analalamikia mahali mwandishi alipomkalisha yeye msomaji. Kezilahabi anakusimamisha mbali, uwanjani, unaona mtu akianguka na huwezi kumfikia. Said Ahmed Mohamed anakuingiza chumbani na kukukalisha karibu mpaka jasho la watu unalisikia harufu, naye yupo palepale anakueleza. Shafi anakuacha uchochoroni usikilize watu wanavyosema. Ukishajua wewe ni msomaji wa kukaa wapi, nusu ya uchaguzi umekwisha.

Rosa: kaonewa na nani?

Kuhusu Rosa baraza liligawanyika vibaya. Kijana fundi simu alisema mwandishi kamwonea. "Kila baya la dunia kamtwika yeye. Akigeuka huku, balaa. Akigeuka kule, balaa. Hata siku moja ya kucheka hakumpa." Mwenzetu wa Bukoba alikuwa na lawama nyingine, ambayo kwangu ina uzito zaidi: Rosa anabadilika haraka mno. Kurasa chache nyuma ni mtoto anayeogopa kivuli cha mwanamume, kurasa chache mbele hana breki. Hatukuingizwa moyoni mwake kuona kamba ilipokatikia.

Kweli, hatukuingizwa. Ukisoma mara ya kwanza hilo ni kasoro. Mimi nimesoma mara tatu sasa, na naona kwamba katika nyumba ya Zakaria hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza Rosa anataka nini au anaogopa nini, na kitabu kinamtendea msomaji vilevile. Unataka kusikia sauti yake, hupewi, na unabaki na kiu ambayo Rosa ameishi nayo. Kisha inakuja sehemu ya mwisho, ambayo wengi wanaichukia, pale Rosa na baba yake wanaposimama mbele ya Mungu kila mmoja akijitetea. Mwalimu wetu alisema sehemu hiyo ingekatwa, kwamba inatoka kwenye maisha ya kweli na kuingia kwenye mahubiri. Sikubaliani naye hata kidogo. Hapo ndipo binti anapozungumza na baba yake kwa mara ya kwanza, na ilibidi wafe ndipo waweze.

Bibi alikuwa kimya mjadala ule wote, anachovya mkate kwenye chai. Alipoona tumechoka akasema, "Mnabishana kama Rosa ni mtu wa kweli au wa kutungwa. Mimi nimeletewa Rosa usiku wa manane akiwa amefungwa kanga kiunoni inachuruzika damu. Si mmoja. Na baba yake amesimama nje anauliza jina la mvulana, haulizi kama mtoto yuko hai." Hakuna aliyekuwa na la kuongeza siku hiyo.

Riwaya hii ilitoka mwaka 1971, Kezilahabi akiwa na miaka 27 tu, na ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi na utoaji mimba. Mwalimu wetu anakumbuka kuisoma akiwa kijana, jalada limevikwa karatasi ya gazeti, nakala moja ikizunguka bwenini mpaka ikaachia kurasa. Jina lenyewe lilikuwa na mwiba. Msomaji Mkatoliki akiliona jalada anaisikia litania ya Bikira Maria papo hapo, maana Rosa Mistika, waridi lenye fumbo, ni mojawapo ya sifa anazoitwa Mama wa Mungu. Kumpa jina hilo msichana anayepitia aliyoyapitia Rosa kulihitaji ujasiri kwa mtu aliyelelewa Ukerewe na kusoma seminari.

Maimuna na watu waliomzunguka

Nitasema wazi kwamba Utengano ndiyo riwaya ambayo wasomaji wangu wa barazani waliikosea adabu zaidi, na nadhani sababu ni shule. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu cha kutahiniwa katika sekondari za Kenya, na kitabu kikishageuzwa kuwa maswali, "jadili maudhui", "eleza sifa za Maksuudi", mtu anabaki na orodha kichwani na hadithi inapotea. Ndugu zetu wa Mombasa waliosoma kitabu hiki kwa ajili ya mtihani wanaweza kukutajia dhamira saba bila kupumua, lakini ukiwauliza walijisikiaje Tamima alipopewa talaka, wanakutazama tu.

Lawama kubwa ilikuwa juu ya Maksuudi. Hana saa moja ya wema. Ni mnafiki, ni dhalimu kwa mkewe, ni mla mali za watu. Kijana wetu alisema mtu mbaya kiasi hicho anakuwa kama sanamu la kuchomwa, huwezi kumwogopa kwa sababu huwezi kumwamini kuwa yupo. Nakubali kwa nusu. Kuna mahali Maksuudi anakuwa mtu kamili: pale yeye na mwanawe Mussa wanapojikuta wote wawili kwa mwanamke mmoja, Kazija. Soma pale polepole. Baba aliyefunga milango ya nyumba nzima kwa jina la heshima, anakutana na macho ya mtoto wake mahali ambapo heshima haipo. Sura hiyo peke yake inatosha kumlipa mtu gharama ya kitabu.

Lakini siri ya Utengano, kwa maoni yangu, haiko kwa Maksuudi wala kwa Maimuna. Iko kwa wanawake wa pembeni. Kazija, anayemtega mwanamume mkubwa kwa makusudi na kwa akili. Bi Farashuu, mkunga mwenye kisasi chake cha zamani kwa sababu ya binti yake mwenyewe aliyeharibiwa na Maksuudi. Bibi alimpenda Bi Farashuu na papo hapo akamlaumu. "Mkunga haingii nyumba ya mzazi na kisasi mkobani," alisema, na tukaanza kubishana upya.

Maimuna mwenyewe? Akiwa nyumbani kwa baba yake simwoni vizuri, ni kama pazia. Akifika Rumbalola ndipo anapopata mwili, sauti ya kuimba, ulevi, uchovu. Kisha anaokolewa, na uokovu wake unakwenda mbio kuliko kuanguka kwake. Hapo mwandishi alikuwa na neno la kutufundisha na alitaka kufika.

Yasmin anapopotea ndani ya kitabu chake

Vuta n'kuvute ilipendwa na wote saba, jambo ambalo kwetu halitokei. Halafu tulipoanza kuulizana kwa nini, kumbe kila mtu alikuwa amependa kitabu chake.

Wanaume walipenda Denge, mbio za usiku, makaratasi yaliyofichwa, Inspekta Wright na Koplo Matata wakimfukuza kila uchochoro. Wanawake tulipenda chumba cha Mwajuma. Sijapata kukutana na rafiki wa namna ya Mwajuma katika riwaya nyingine ya Kiswahili. Anakunywa, anacheza, anasema ovyo, hana kitu, na mlango wake hauna komeo kwa mwenye shida. Hamhubirii Yasmin. Hamuulizi Mhindi kafuata nini Ng'ambo. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili, ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliokuwa unautenga Mji Mkongwe na makazi ya Waafrika, na msichana wa Kihindi aliyevuka kwenda kuishi kule alikuwa amevuka zaidi ya maji. Shafi, aliyezaliwa na kukulia Unguja, hakueleza hilo kwa maneno makubwa. Anaonyesha tu mtu anavyokaa, anavyokula, anavyolala, kitanda kimoja kwa watu wawili.

Sasa kasoro. Katikati ya kitabu Yasmin anapotea. Mapambano ya Denge yanachukua kurasa, wenzake, mipango, kukamatwa, na yule msichana aliyetufungulia hadithi anakuwa mtu wa kusubiri. Nililalamika sana barazani kuhusu hili. Mwalimu akanijibu kwamba ndivyo ilivyokuwa, wanawake wengi wa wapigania uhuru walisubiri na historia haikuwaandika. Jibu zuri kuhusu historia, lakini kitabu kilikuwa na nafasi ya kufanya zaidi ya historia, na kimeipoteza kidogo.

Halafu Denge. Mmoja wetu alisema ni shujaa, mwingine akasema ni mwanamume aliyemtumia mtoto wa watu. Mimi naona anampenda Yasmin kweli, ila anampa muda uliobaki baada ya kazi, na kwa mtu anayesakwa muda uliobaki ni mchache. Ndiyo maana sikusikitika Yasmin alipomaliza na mtu mwingine, Bukheti. Wenzangu watatu waliona mwisho huo umepoa, walitaka penzi la Denge lishinde. Kwangu ni uamuzi wa mtu mzima. Aliozwa mara ya kwanza bila kuulizwa, akapenda mara ya pili bila kupima, na mara ya tatu akachagua mwenyewe akiwa ameshajijua.

Kuna filamu ya mwaka 2021 ya Amil Shivji yenye jina hilohilo, iliyoonyeshwa Toronto mwaka huohuo. Ni nzuri kwa macho, Unguja yake inang'aa. Imechukua penzi la Yasmin na Denge na kuacha mengi mengine, kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba akiiona amekisoma kitabu.

Lugha

Hapa ndipo ugomvi ulipokuwa mtamu, na ndipo nitakapokawia.

Kiswahili cha Kezilahabi ni kikavu. Neno hilo nilisema mimi, mtu wa pwani, kwa kulalamika, na mwenzetu wa Bukoba aliudhika. Kwake ni lugha safi ya mtu ambaye nyumbani aliongea Kikerewe na Kiswahili akakipata shuleni, akakitumia kama panga, kukata. Sentensi fupi. Kiima, kitenzi, nukta. Hana pambo la pwani, hana methali mbili kila ukurasa. Nilimpinga wiki nzima, kisha nikarudi kusoma tena Zakaria anavyompiga Rosa. Hakuna kilio cha mwandishi mle. Anasema kilichotokea kwa mpangilio, kama shahidi mbele ya hakimu, na kwa sababu halii, wewe ndiye unayelia. Angeweka tashbihi tatu pale maumivu yangepungua. Siku hizi nikimsikia mtu anasema kikavu namwambia ndiyo, na mti mkavu ndio unaoshika moto.

Utengano ni kinyume kabisa. Said Ahmed Mohamed ni mzaliwa wa Pemba, na lugha ya visiwani ameimwaga yote bila kupimia kibaba. Tashbihi juu ya tashbihi, maswali anayoyauliza msimulizi na kujijibu, misemo, maneno ambayo mimi niliyasikia kwa bibi yangu na sijayasikia tena tangu azikwe. Kuna ukurasa niliposoma kwa sauti barazani, Bibi akafumba macho akitabasamu kama anasikiliza taarabu. Mwenzetu wa Bukoba alikuwa na kamusi mapajani na kalamu ya risasi sikioni. Alihesabu maneno kumi na moja asiyoyajua katika sura moja. Hakuacha, lakini alisema ukweli kwamba hadithi ilimponyoka mara kadhaa akiwa anafukuza maneno. Hilo ni jambo la kumwambia mnunuzi mapema. Kama unasoma ukiwa kwenye daladala, umesimama, kelele kila upande, Utengano itakushinda, kwa maana inataka meza na utulivu. Na kuna mahali pambo linazidi kilichopambwa, mtu anatembea tu kutoka chumbani kwenda uani na sentensi inamvika joho.

Shafi yuko katikati, na nafikiri ndiyo sababu alipendwa na wote. Masimulizi yake ni mepesi, uzito ameuweka kwenye midomo ya watu. Mwajuma hasemi kama Denge, Raza hasemi kama Koplo Matata. Ukifunika majina kwa kidole bado unajua nani anasema. Mimi na kijana wetu tulifanya jaribio hilo, akasoma mistari bila kutaja msemaji, nikakosa mara moja tu. Kiswahili ni cha Unguja mjini, chenye utani, chenye matusi ya mapenzi, na mtu wa bara anakielewa bila kamusi kwa sababu mazungumzo yanajieleza. Kinachomkosesha alama kwangu ni urefu. Kitabu kina kurasa zaidi ya 250, na zile mbio za polisi baada ya mara ya tatu zinafanana. Rosa Mistika ni kitabu chembamba, unaweza kukianza Ijumaa usiku na kukimaliza kabla ya chakula cha mchana Jumamosi, ingawa sijui kama utaweza kula.

Basi nani achukue kipi

Kwa mtu ambaye hajasoma riwaya ya Kiswahili tangu shule, au anayeogopa kwamba ameshasahau kusoma, nampa Vuta n'kuvute bila kufikiri mara mbili. Itamshika mkono. Ukifika zile sura za siasa na ukaona umechoka, usikitupe, Yasmin atarudi.

Anayependa lugha yenyewe, anayeandika mashairi au anayetaka kuandika, anayewakumbuka wazee wake wanavyosema, huyo achukue Utengano na asiombe radhi kwa kukaa mwezi mzima. Ila asianze nayo kama hajazoea. Na aliyeisoma kwa mtihani airudie sasa akiwa mtu mzima, bila maswali pembeni. Atashangaa kuna nini mle.

Rosa Mistika simpi mtoto wa miaka kumi na nne akasome peke yake chumbani. Nitasoma naye, au nitamwambia aniulize. Kwa mtu mzima, hasa mzazi mwenye binti, na hasa baba, ndiyo ninayoisukuma mbele. Si nzuri kuliko zote tatu kwa ufundi, na mwenzangu fundi simu ana haki yake kulalamika juu ya mbio zake. Lakini katika hizo tatu ndiyo pekee iliyonifanya nisimame jikoni usiku, taa imezimwa, nikiwaza mambo niliyowahi kumwambia binti yangu akiwa na miaka kumi na sita.

Karibu haya yote nilimwambia mpwa wangu, pengine kwa maneno mengi kuliko haya, na chai ikapoa. Nilimshauri achukue Vuta n'kuvute, safari ni ndefu. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza swali moja tu: "Ukerewe si ni kule tunakokuona kwa ng'ambo ukiwa ziwani, Shangazi?" Nikamwambia ndiyo, kutoka Mwanza unapanda meli.

Asubuhi nilipomsindikiza stendi nilichungulia mfuko wa pembeni wa begi lake. Alikuwa ameweka Rosa Mistika. Na alikuwa ameivika jalada kwa ukurasa wa gazeti, sikumwambia mimi habari ya yule mwalimu na bweni lake. Nilipomuuliza akasema, "Ni ya kwako, imechakaa, naogopa isiachie kurasa."